Benki iliyojaza dhamana za serikali ni salama kiasi gani?

Mleta mada ameuliza kama benki yenye dhamana nyingi za serikali (hatifungani na hati nyingine ambazo serikali huziuza ili kukopa) kuliko mikopo ya wateja ndiyo salama zaidi kwa akiba. Katika miaka yangu ya kuchambua hesabu za benki nimesikia mara nyingi jibu la haraka kwamba serikali haifilisiki, nami silikubali.

Kanuni za Basel, yaani viwango vya kimataifa vya usimamizi wa benki, zinaruhusu dhamana za serikali zilizo katika sarafu ya nchi husika kupewa uzito wa hatari wa sifuri, hivyo benki haitengi mtaji wowote kwa hatari ya serikali kutolipa, na uwiano wa mtaji unapendeza hata pale fedha nyingi zinapokuwa kwa mkopaji mmoja. Kwa hiyo mimi huenda kwenye maelezo ya hesabu, nikachukua jumla ya dhamana hizo na kuigawanya kwa mtaji wa msingi, yaani fedha za wenye benki wenyewe zinazobeba hasara kwanza. Benki yenye mtaji wa 10 na hatifungani za 40, zikishuka thamani kwa asilimia 30, imepoteza 12. Mtaji wote umekwisha.

Ugiriki ilipokata asilimia 53.5 ya thamani iliyoandikwa kwenye hatifungani zake Machi 2012, hasara ilivuka mpaka hadi kwenye benki za Kupro zilizokuwa zimezinunua, na mwaka uliofuata wenye amana zinazozidi euro 100,000 katika benki mbili kubwa za huko wakabebeshwa sehemu ya mzigo. Ghana nayo, katika mpango uliotangazwa Desemba 2022, haikupunguza kiasi chenyewe ilichokopa ndani ya nchi. Ilirefusha muda na kushusha riba, na hilo pekee lilitosha kushusha thamani ya hatifungani hizo na kuzitia benki nyingi hasara. Aliyepaswa kuziokoa alikuwa serikali ileile iliyoshindwa kulipa.

Kuna sehemu ambayo hata wachambuzi huiruka. Nimepitia mafaili ya makandarasi waliokopa kwa kutegemea kazi za serikali: kazi imekamilika, hati ya malipo imesainiwa na mhandisi, fedha hazijatoka, na mkopo umekuwa chechefu, yaani haulipwi kwa wakati. Kwenye hesabu unasomeka kama mkopo wa sekta ya ujenzi, ilhali mdaiwa halisi ni hazina. Ndugu mleta mada, ukipata hesabu za benki yako, zijumlishe dhamana hizo pamoja na mikopo ya wazabuni na makandarasi wa serikali, kisha ulinganishe na mtaji wa msingi.