Boksi lisilofunguliwa

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Anayenunua vichezeo vya toleo dogo ili aviuze kwa bei ya juu, ni mfanyabiashara au mlanguzi?" Nitajibu kwa seti za LEGO, vile vitofali vya plastiki vya kuunganisha na kujengea, kwa sababu naishi Aarhus, Denmark, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kutoka Billund zinakotoka, na kwa sababu jambo hili limemgusa mwanangu.

Neno mlanguzi nalijua tangu utotoni. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, nilikuwa na miaka tisa pale Muheza, Tanzania. Watu walitupa sabuni na vitenge vichakani usiku wasije wakakutwa navyo. Kabla ya hapo mama alikuwa akipanga foleni dukani tangu alfajiri, anaambiwa sukari imekwisha, na jioni sukari ile ile inapatikana kwa jirani kwa bei nyingine. Najua sukari ni riziki na seti ya LEGO ni kichezeo. Lakini foleni ile niliikumbuka vizuri sana mwaka juzi.

Mwanangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alidunduliza fedha zake miezi saba anunue seti ya ngome ya toleo dogo, yaani iliyotengenezwa kwa idadi ndogo. Siku ya mauzo tulikaa mbele ya kompyuta mapema. Saa ilipofika ukurasa uliganda, na ulipofunguka mzigo ulikuwa umekwisha. Hatujala hata chakula cha jioni, maboksi ya ngome ile ile, ambayo hayajatoka hata ghalani, yalikuwa yanatangazwa na watu binafsi kwa zaidi ya mara mbili ya bei. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, hao wote wanajua kujenga?"

Hawajengi, na hapo ndipo penye uchungu wangu. Biashara hii inataka boksi libaki limefungwa, tena lisiwe na kona iliyobonyea. Seti nyingi hukaa madukani miaka michache, kisha kiwanda huacha kuitengeneza, na kuanzia hapo anayeitaka hana budi kumwendea aliyeihodhi. Watafiti wawili wa uchumi wa chuo kikuu kimoja cha Moscow walifuatilia bei za seti 2,322 zilizotoka kati ya 1987 na 2015, wakakuta kwamba zilipanda kwa wastani wa asilimia 11 hivi kwa mwaka. Habari hiyo ilienea kila mahali, na wengi waliishia kwenye hiyo 11. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa ziko seti zilizopoteza hata nusu ya thamani kwa mwaka. Na anayehesabu faida yake mara nyingi husahau ada ya soko, gharama ya posta, na chumba kizima nyumbani kilichogeuka ghala.

Kuna jambo jingine ambalo walanguzi hawapendi kulitaja. Almasi hutoka ardhini, lakini LEGO hutoka kwenye kalibu, na kalibu ni mali ya kiwanda. Seti ya Taj Mahal ilitoka mwaka 2008, vitofali 5,922, kwa dola 299.99 Marekani. Ilipoacha kutengenezwa bei yake ilipanda mpaka ikapita dola 2,000 kwa boksi lisilofunguliwa. Mwishoni mwa 2017 kiwanda kikaitoa upya, ikiwa imeongezwa kitofali kimoja tu, kwa dola 369.99. Mwaka huo huo ilirudi pia Millennium Falcon kubwa, chombo cha anga cha filamu za Star Wars, safari hii ikiwa na vitofali 7,541, na toleo la 2007 ambalo watu walikuwa wamelikumbatia kama dhahabu likashuka bei. Waliolia walisema wameonewa. Mimi nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo. Waliweka dau kwamba kiwanda kitanyamaza, na kiwanda hakikunyamaza.

Lakini kiwanda nacho kina sehemu yake. Mwaka 2013 kilitengeneza kijisanamu cha rangi ya dhahabu, Mr. Gold, 5,000 tu duniani kote, kikavificha ndani ya vifuko visivyoonyesha kilichomo. Watu wazima wakawa wanasimama madukani wakipapasa kifuko kimoja kimoja kwa vidole, na waliokipata wakakiuza kwa mamia ya dola. Uadimu huo haukuletwa na ukame wala vita, ulipangwa mezani. Thamani ikishakuwa kwenye boksi, wezi nao hawako mbali: Juni 2024 polisi wa Los Angeles walikamata maboksi zaidi ya 2,800 ya LEGO katika nyumba moja huko Long Beach.

Basi mlanguzi ni nani? Simwiti hivyo mzee aliyetunza seti za watoto wake miaka ishirini akaziuza, wala yule anayezunguka masoko ya mitumba akikusanya vipande vilivyopotea mpaka seti ya zamani ikamilike tena. Hao hurudisha sokoni kitu ambacho kisingekuwepo, na jasho lao lina haki ya malipo. Mlanguzi ni yule anayewahi saa ya kwanza kwa majina matano na programu inayonunua yenyewe, anachukua kilichokuwepo kwa kila mtu, halafu anatuuzia nafasi yetu wenyewe kwenye foleni. Kwake sheria moja ingetosha: fungua maagizo kwa wiki mbili, tengeneza idadi iliyoagizwa, kila kaya boksi moja. Atakayetaka zaidi asubiri.

Jina LEGO limetokana na maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Mwanangu aliposoma hivyo shuleni alikuja na wazo: ngome tuijenge wenyewe. Vitofali vya 1958 bado vinashikana na vya leo, na katika masoko ya mitumba ya hapa huuzwa kwa kilo, vimechanganyika na vumbi na magurudumu. Tulinunua kilo sita. Vipande vingine tuliagiza kimoja kimoja kwa wauzaji wa vipande, na hapo nikajifunza kwamba uadimu wa kweli upo pia: rangi ya kijani kilichopauka, iliyotumika katika Green Grocer, seti ya duka la mboga ya 2008, ilikuwa ghali mno tukaiacha. Ngome yetu ikawa na mnara wa kahawia na ukuta wa rangi tatu, na mlango unaofunguka.

Jumapili iliyopita aliuvunja mnara ule apate vitofali vya kutosha kujenga kivuko cha Pangani, kile alichopanda na bibi yake Desemba.

Msomaji, Aarhus