Usiulize wati, uliza desibeli

Maswali ya spika yamejaa mezani tangu nilipogusia, kwa mistari miwili tu, kwamba spika kubwa inaweza kuimba vizuri kwa amplifaya ndogo. Leo nimechukua sita. Wanaongoja majibu ya antena za ving'amuzi wanivumilie.

Fundi, mbukwa. Sabufa yangu imeandikwa wati 12,000 PMPO. Jirani yangu ana spika mbili za zamani na amplifaya ya wati 20, lakini akifungulia Jumamosi mtaa mzima tunafua nguo kwa mdundo wake. Yangu haisikiki hata getini. Nimeibiwa? (Nkuhungu)

Mbukwenyi. Sabufa unayo, kwa hiyo hukuibiwa. Umedanganywa. PMPO ni namba ya matangazo, ya kilele cha kufikirika, si nguvu ya kutumia. Soketi yako ya ukutani ni ya volti 230, na plagi ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha: hazifiki hata wati 3,000. Sasa hizo 12,000 sabufa inazitoa wapi? Igeuze, soma kile kibandiko kidogo kando ya waya wa umeme. Utakuta wati 40, pengine 60. Huo ndio ukweli wake, mengine yote ni rangi ya boksi.

Ya jirani ni habari nyingine. Spika hupimwa hivi: unaiingizia wati 1, unasimama mita 1 mbele yake, unasoma sauti kwa desibeli. Spika nyingi za sebuleni hutoa kati ya 84 na 90. Zile tunazoziita za ufanisi mkubwa huanzia kama 95, na za tarumbeta, zenye mdomo unaopanuka kama wa tarumbeta, hupita 100. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ujue desibeli zinavyohesabiwa. Kila ukiongeza 3, umeme unaohitajika unakuwa maradufu. Ukiongeza 10, unahitaji mara kumi, ingawa sikio lenyewe litakuambia sauti imeongezeka kama mara mbili tu.

Tuseme spika za jirani ni 98 na zako ni 85. Pengo ni 13, yaani mara 20. Zile wati 20 zake zinafanya kazi ambayo wewe ungehitaji wati 400 kuifanya, na spika zako zingeungua kabla hujazifikia.

Umeme mwingine unakwenda wapi? Unapasha moto koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika. Hata spika ya desibeli 92, ambayo si mbaya, hugeuza takribani wati 1 katika kila 100 kuwa sauti. Nikiwaambia vijana wanaojifunza kwangu huwa wanacheka, halafu wanagusa sumaku ya spika iliyopigwa usiku kucha kwenye harusi. Hawacheki tena.

Shikamoo fundi. Kijijini kwetu nguzo bado hazijafika. Nina paneli ya sola na betri ya volti 12, ampea-saa 50. Nataka muziki wa kueleweka, si redio ya mkulima. (Chamwino)

Marahaba. Wewe ndiye mtu ninayemfikiria kila ninaposema ufanisi. Wa mjini akikosea spika, hasara yake ni sauti. Wewe ukikosea, giza linaingia betri ikiwa imekata.

Betri yako ina wati-saa 600, lakini betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Una 300 za kutumia. Ukiwa na spika za desibeli 86 na unapenda sauti ya juu, tuseme zinakula wastani wa wati 20. Amplifaya itavuta 25 hadi 30, na saa kumi au kumi na mbili baadaye umemaliza, bila taa na bila kuchaji simu. Chukua spika za 96, sauti ileile inataka wati 2. Hapo amplifaya yenyewe ndiyo inakuwa mlaji mkubwa kuliko spika, kwa hiyo tafuta ya daraja D, maana hupoteza umeme kidogo kama joto.

Usipitie inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Inveta hula hata ikiwa haina kazi. Nunua amplifaya inayokubali volti 12 moja kwa moja, na usibabaishwe na redio ya gari iliyoandikwa wati 50 mara nne. Kwa volti 12, bila kifaa cha kupandisha volti ndani yake, haiwezi kuzidi kama wati 18 safi kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), au 9 kwenye ya omu 8. Kwa spika za 96, wati 9 zinatosha kuamsha boma zima, na mbuzi juu.

Fundi, mume wangu ameleta picha za spika zilizo kama makabati. Sebule yetu ni mita nne kwa nne. Mimi nataka ndogo za kukaa rafu, zenye besi nzito, na zisizohitaji amplifaya kubwa. Zipo? (Ilazo)

Hazipo, dada, na anayekuuzia atakuwa anakuuzia maneno. Wahandisi wanaiita kanuni ya chuma ya Hofmann: boksi dogo, besi ya kina, ufanisi mkubwa; chagua viwili, cha tatu sahau. Besi ni hewa inayosukumwa. Koni, ule uso wa spika unaotikisika, ikiwa ndogo ndani ya boksi dogo itatoa besi ya kina ikiwa tu imefanywa nzito, na kitu kizito kinataka nguvu kukitikisa. Ndiyo maana sabufa ndogo nyingi zina amplifaya ndani.

Paul Klipsch wa Marekani hakubishana na kanuni hiyo, aliikubali. Mwaka 1946 huko Hope, Arkansas, alianza kuuza Klipschorn, tarumbeta la mbao lililokunjwa ndani ya kabati na kusukumwa kwenye kona ya chumba ili kuta ziendeleze mdomo wa tarumbeta. Kampuni inaitaja kuwa desibeli 105. Ni kubwa kama kabati la nguo, na bado inatengenezwa.

Kwa sebule yako nashauri mpatane katikati: spika za kusimama sakafuni, nyembamba, za 90 hadi 92. Kwa mita nne kwa nne, mkisikiliza huku mnaongea, hamtamaliza wati 1. Halafu tandika zulia. Nyumba mpya za Dodoma ni vigae chini, jipsamu juu na kuta tupu. Spika yoyote humo inaimba kama iko kisimani.

Spika mbili dukani, zote zimeandikwa desibeli 90. Moja omu 4, nyingine omu 8. Ni sawa? (Kondoa)

Si sawa, kama zimepimwa kwa volti zilezile. Tafuta maandishi "2.83 V". Volti hizo kwenye omu 8 ni wati 1, kwenye omu 4 ni wati 2. Ile ya omu 4 imepewa maradufu kufikia alama ileile, kwa hiyo kwa wati ni 87.

Naweza kutumia spika za ukumbini, zile za harusi, nyumbani? Ni za desibeli 97 na nimepata kwa bei ya kutupa. (Singida)

Unaweza, nami nimefanya. Nilinunua jozi kutoka baa iliyofungwa, nikaziweka sebuleni nikijiona mjanja. Siku ya kwanza, kabla ya muziki, nikasikia "shhhh" kama sufuria inayokaribia kuchemka. Ilikuwa kelele ya amplifaya yangu ya zamani, ambayo spika za kawaida zilikuwa zikiificha. Spika inayokuza kila kitu hukuza na uchafu, kwa hiyo amplifaya iwe ndogo lakini tulivu.

La pili ni kwamba nyingi za aina hiyo huanza kuishiwa chini ya hezi 60 au 50, yaani kwenye besi ya chini kabisa. Ngoma utaisikia, tumbo la ngoma hutalisikia. Kaa mbali, mita tatu na zaidi, la sivyo twita ya tarumbeta, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, itakuchoma sikio.

Zijaribu kwa ilimba, ala ya Wagogo ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole. Sizungumzii mapenzi ya nyumbani, ingawa yapo. Kijiti cha chuma kikiachiwa sauti yake hupanda ghafla na kufa taratibu, na spika yenye ufanisi huonyesha ule mguso wa kidole. Spika ya koni nzito huulainisha. Muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, nao utakuambia kama besi imebanwa au inavuja. Fanya jaribio siku isiyo na mvua. Chini ya bati hata Klipschorn haishindani nayo.

Nataka spika za mtumba za Ulaya. Niangalie nini? (Kongwa)

Bonyeza kwa kidole ukingo unaoshika koni. Ukiwa wa povu, ukabaki na unga mweusi kwenye kidole, umeoza. Fundi anaweza kuubadili, lakini gharama hiyo ipunguze kwenye bei. Ukingo wa kitambaa au mpira hudumu zaidi kwa ukame wetu. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikikwaruza, koili imepinda au vumbi limeingia kwenye sumaku. Weka chini, ondoka.