Chembe cha moyo: barua kwa mwanangu daktari

Mwanangu mpenzi,

Barua yako niliisoma jana alasiri nikiwa barazani, na baada ya isha nikairudia. Umepata nafasi ya kusomea udaktari wa familia miaka minne huko hospitali ya Chogoria, na wenzako uliofanya nao intanshipu wanakwambia utajizika kijijini, utoke huko unajua kidogo cha kila kitu. Wataka mama yako akwambie ukweli kama huko ni kujipoteza.

Nenda, mamangu. Nimelitanguliza jibu ili haya mengine uyasome roho imetulia.

Wajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa muuguzi miaka minane kwenye zahanati moja upande wa Kinango. Daktari tulimwona mara moja kwa mwezi, akija na gari la wilaya na kuondoka kabla ya magharibi. Mwezi mmoja alikuja kijana kutoka bara, mpole, mikono yake mizuri. Bibi mmoja wa makamo akaketi mbele yake akasema, "Daktari, chembe cha moyo chanichoma." Kijana aliposikia moyo akaandika moyo. Akamwandikia aende Mombasa akapimwe umeme wa moyo. Yule bibi akauza mbuzi wawili apate nauli na ada, akaenda, akaambiwa moyo hauna neno.

Aliporudi alikuja kwangu. Akafungua pindo la leso, ndani mna kipande cha gazeti, na ndani ya gazeti vidonge vitatu vya maumivu alivyonunua dukani. Alikuwa akimeza kimoja kila alfajiri, kabla hajatia kitu tumboni, kwa ajili ya magoti. Miezi mitano! Tumbo lake lilikuwa limechubuka. Magoti yale nilikuwa nayajua, nilimwona akichechemea kila siku ya chanjo akimleta mjukuu, na siku ile ya daktari nilikuwa chumba cha pili nachoma watoto sindano. Hakuna aliyeniuliza.

Wewe na mimi twajua chembe cha moyo kiko wapi: hapa chini ya kidari, mlango wa tumbo. Moyo nao ukiumwa waweza kujificha papo hapo, kwa hivyo kijana yule hakukosea kuogopa. Alichokosa ni kuuliza swali la pili na la tatu, na kukaa mahali pamoja kiasi cha kuwajua watu kwa magoti yao. Hiyo ndiyo kazi unayokwenda kusomea. Enzi zetu hapa Kenya hakukuwa na mtu aliyefunzwa hivyo. Chuo Kikuu cha Moi ndicho kilichoanzisha shahada ya uzamili ya udaktari wa familia mwaka 2005, mimi nishatoka kijijini zamani. Sisi tulikuwa na Azimio la Alma-Ata la 1978, lile la mataifa kuhusu afya ya msingi, tulilikariri chuoni, na ile ahadi ya afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Mwaka ukafika ukapita, na bibi yule bado angeuza mbuzi.

Sasa hilo la kidogo cha kila kitu. Hebu waulize wenzako: asubuhi moja wamekaa bencini mtoto ambaye mbavu zaingia ndani akipumua, mzee wa kisukari mwenye kidonda cha mguu, kijana ambaye hajalala tangu baba yake afe, na mwanamke wa mimba ya miezi minane anayesema kichwa chamgonga tu. Presha ya huyo mwanamke ni 160 kwa 110, ya hatari kwa mja mzito. Nani hangojei? Mtoto na yule mama, wote wawili kwa pamoja, na mama ndiye aliyekaa kimya mwisho wa benchi. Ajue daktari kumpa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, kabla gari halijang'oa, na mtoto apewe dawa yake ya kwanza papo hapo, na kijana asirudishwe na panadoli. Kuyabeba hayo yote kichwani saa tatu asubuhi ni elimu nzito kuliko wanavyoidhani. Na utapitishwa kote kwa zamu, wodi ya watoto, ya wazazi, ya magonjwa ya ndani, na chumba cha upasuaji, maana mtoto akikwama tumboni saa nane usiku, Nairobi ni mbali.

Lipo la kuogofya, na sitakuficha. Usiku mmoja nilizalisha mwanamke, mtoto salama, kondo likatoka, damu haikukata. Nikasugua tumbo, nikampa sindano, nikajiambia itakata. Leso ya kwanza ikalowa. Ya pili ilipolowa ndipo nikatuma mtu akaite gari. Nilingoja nusu saa ambayo sikuwa nayo. Aliishi, alhamdulillah, lakini kizazi kilitolewa, na alikuwa na miaka 22. Nilikutana naye kila soko la wiki kwa miaka iliyobaki, ananiamkia, ananiuliza habari za nyumbani. Mjini mgonjwa akishatoka wodini humwoni tena. Kule utamwona. Ukihisi jambo limekuzidi, mwamshe mkubwa wako, akikasirika akasirike.

Na ukimpeleka mgonjwa mbele, mwandikie barua kamili na upige simu. Wa kwangu walikuwa wakirudi kutoka hospitali za mjini na tumbo limeshonwa na hawajui wametolewa nini, wala karatasi hawana. Wewe dai majibu, ukiwasumbua wasumbuke.

Jambo moja nalikuomba kama mama. Ukifika kule, mtoto wa Mombasa, wewe ndiwe utakuwa yule kijana wa bara. Wengi watakuelewa kwa Kiswahili, lakini mzee ugonjwa wake ataueleza kwa Kimeru. Usiridhike na muuguzi kukutafsiria. Mwombe akufundishe, na kila neno la maumivu umwambie mgonjwa akuoneshe kwa kidole liko wapi mwilini. Liandike kwenye daftari. Chembe cha moyo chao kipo, wana jina lake, na utalijua siku utakayouliza.

Shangazi yako ameniuliza mbona hospitali yenyewe ni ya kanisa. Nimemwambia utaswali chumbani mwako na Ramadhani utafunga, na daktari anayefunga bado anapima presha. Amenyamaza, nadhani ataniuliza tena Ijumaa.

Mwisho uliuliza nani atanipeleka kliniki yangu. Kakako yuko Kisauni, pikipiki anayo, na dawa zangu nazimeza saa mbili usiku bila kukosa. Jana nilivuka Nyali nikaenda Kongowea, nimekupatia sweta mbili za sufi, moja ya kijivu na moja ya samawati, maana huko ubavuni mwa Mlima Kenya kuna baridi usiyoijua. Ya kijivu mkono mmoja una tundu dogo, ninaushona leo.

Mamako