USIPAKE SUPA GLU KWENYE KUCHA! (we uliyeuliza vidole vya kucharazia gitaa, soma hii kwanza)

Weka hiyo gundi chini. Sa hii. Umeuliza utumie vidole gani kucharaza bila piki (kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi), kama dole gumba peke yake linatosha, nyuzi zipi ununue, na sijui kodi (chord) ya F inakushinda, sawa, lakini mi macho yamekwama pale mwishoni ulipoandika kwamba jamaa wa kwaya yenu huko Arua amekushauri upake supa glu kwenye kucha ya kidole cha shahada, ubandike pamba, upake tena, ati ikikauka inakuwa ngumu kushinda piki. Mdogo wangu, huyo mtu anakutakia nini?

Ushauri huohuo nilipewa mimi na mzee mmoja wa bendi hapa Kampala, simtaji, anajijua. Nilikuwa nacharaza kwa kucha ya shahada tu, kidole nimekikaza, gitaa la nyuzi za chuma, na kucha ikawa inakatika pembeni kila ikianza kuota. Badala ya kuniambia legeza mkono, mzee akashika kidole changu akakigeuzageuza akasema kucha zangu ni za watu wa ofisini. Na mimi nina kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) ya kupiga Masaka wiki ileile, advansi nimeshakula, unafikiri nitabishana? Nikanunua gundi dukani kwa jirani, nikapaka, nikabandika pamba.

Ile pamba ilifuka moshi. Sikutanii, moshi mweupe kabisa, na harufu inayokamua machozi, kidole kinaungua na siwezi kukitoa manake kimeshikana na pamba na pamba imeshikana na dole gumba nililokuwa nabanizia. Nikatumbukiza mkono kwenye beseni la vyombo, naruka jikoni, mtoto wa jirani mlangoni ananipigia makofi akidhani ndo mazoezi ya kwanjula. Cheka, mi nimeshazoea kuchekwa. Kumbe ile gundi inakauka kwa kukutana na unyevu, na pamba ina nyuzinyuzi nyingi zenye unyevu, kwa hiyo gundi yote inakauka kwa mpigo mmoja na joto lake lote linatoka hapohapo, juu ya ngozi yako. Wapo wapiga gitaa wanaotengeneza kucha kwa gundi, ni kweli, lakini wanatumia karatasi laini au hariri, na wanajua wanachofanya. Pamba hapana!

Na hilo halikuwa baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba asubuhi yake nililinyofoa lile ganda kwa mkono. Likatoka na tabaka la juu la kucha, ikabaki kitu chembamba chenye mabaka meupe, hata kufungua kifungo cha shati inauma. Kucha ya mkononi inaota kama milimita 3 hivi kwa mwezi, kutoka kwenye shina mpaka ncha ni karibu nusu mwaka, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kwanjula akapiga mtu mwingine, advansi nikairudisha kidogokidogo huku bibi harusi ananipigia simu kama mkopo wa benki. Alafu siku moja namkuta yule mzee Wandegeya jukwaani, nasogea niangalie mkono wake wa kulia, na anapiga na piki! Naulizia wenzake, wananiambia huyo hajawahi kupiga bila piki maisha yake yote. Banange. Mtu anakufundisha kuogelea na yeye hajawahi kuingia ziwani.

Sasa sheria yangu, na sina nyingine: kucha fupi, mkono mlegevu. Sauti haitoki kwenye unene wa kucha, inatoka kwenye mkono uliolegea. Mkono ukicharaza kushuka, tumia mgongo wa kucha za shahada, kati na pete, vidole vikunjwe kidogo kisha uvifungue kuelekea chini, vipite juu ya nyuzi na kuondoka, visichimbe kati ya uzi na uzi. Ukicharaza kupanda, usitumie kucha, tumia nyama ya shahada au nyama ya dole gumba, na usilazimishe kugusa zote sita, tatu au nne nyembamba zinatosha. Kinachosogea ni kifundo cha mkono, kiwiko kinafuata tu. Ukisikia "krak" wakati wa kupanda ujue kucha imenasa, ni ndefu mno au kidole umekikaza. Inua mkono usawa wa macho, kiganja kikutazame: kama kucha imechomoza sana juu ya nyama, ipunguze kwa tupa ya kucha. Na upige tupa ukielekea upande mmoja, acha kukata na meno.

Dole gumba peke yake? Linatosha kabisa ukitaka sauti nene ya kutuliza, Wes Montgomery wa Marekani alipiga jazi kwa dole gumba na dunia ikamsikiliza. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga huko Kongo, yule aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 na aliimba Kiswahili hikihiki chetu, alitumia dole gumba na shahada. Hakuna aliyebandika pamba. Tatizo lako si idadi ya vidole.

Ukiona sauti ni ndogo kanisani sogeza maiki, usiongeze nguvu. Nyuzi za chuma zinakula kucha, nailoni zina huruma, ila usije ukafunga za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni, mvutano wake ni mkubwa zaidi na brigi (kile kibao kinachoshikilia nyuzi juu ya tumbo la gitaa) inaweza kung'oka. Mengine uliyouliza sijarudi kuyasoma, wenye subira watakujibu.

Na kama umeshapaka tayari (nakuona), USINYOFOE. Nenda saluni wanakotengeneza kucha, waombe asetoni (dawa ya kuondolea rangi ya kucha), loweka taratibu mpaka gundi ilainike yenyewe, kaa mbali na sigiri manake asetoni inashika moto upesi. Alafu osha kwa sabuni, paka mafuta, na umwambie huyo wa kwaya akuonyeshe kucha zake.