Del Toro kauza Giro? Majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua za safari hii karibu zote zinaongelea kitu kimoja, ile hatua ya 20 ya Giro d'Italia, mbio za baiskeli za Italia zenye hatua moja kwa siku, Jumamosi ya Mei 31, 2025, kutoka Verrès mpaka Sestriere, siku ambayo Isaac del Toro alipokwa na Simon Yates jezi ya pinki, ile ya anayeongoza kwa jumla ya muda wa hatua zote. Nimechagua chache, na ya kwanza nitaijibu kwa kirefu maana wengi mmeuliza hilohilo.

SWALI: Kaka, habari za majukumu. Mi fundi baiskeli hapa Mikindani. Siku ile tumeegesha simu kwenye pampu kijiweni, watu kibao, mmoja kashika cheni mbovu mkononi hata hakumbuki kuiweka chini. Yates anachomoka, na huyu mtoto mwenye pinki anamwangalia tu, yeye na Carapaz, yule aliyekuwa wa pili kwenye msimamo, wanategeana mpaka mtu kapotea machoni. Mi nikasema huyu kauza. Halafu mtu akaniambia pacha wa Yates yupo timu moja na Del Toro, nikasema basi kesi imeisha. Nijibu ukweli, kijiwe kimegawanyika na kuna wawili hawasalimiani mpaka leo. – Fundi, Mikindani

JIBU: Fundi, kwanza wapatanishe hao wawili. Del Toro hajauza kitu.

Pacha ni kweli yupo, anaitwa Adam Yates na yuko UAE, timu ya Del Toro, hapo hujadanganywa. Ila kumbuka mlima ulivyoanza. EF, timu ya Carapaz, ilipiga mwendo wa kuua pale chini kabisa ya Colle delle Finestre, Del Toro akabaki hana msaidizi, na Adam naye akaachwa huko nyuma. Mtu ambaye hayupo anauzaje mechi?

Sasa hesabu. Asubuhi ile Del Toro alikuwa mbele ya Carapaz kwa sekunde 43, na mbele ya Yates kwa dakika 1 na sekunde 21. Kwa hiyo wa kuogopwa ni Carapaz, na Carapaz si mtu wa mchezo, Giro ya 2019 ni yake. Kila Carapaz akichomoka Del Toro anamrukia mgongoni, wakishakuwa pamoja wanapunguza, wanaangaliana, anachomoka tena. Yates hana habari na hizo fujo, anakanyaga mwendo wake uleule, akawafikia, akaondoka. Na mlima wenyewe ni kilomita 18 na nusu, mwinuko wa wastani asilimia 9.2, kilomita 8 za mwisho changarawe tupu, ukiachwa pale kurudi ni shughuli. Wanafika kileleni, mita 2,178 juu ya bahari, Yates ana zaidi ya dakika moja na nusu, yaani kimahesabu pinki ilishahama.

Hapo ndo roho inaniuma, kwa sababu mbio zilikuwa bado hazijaisha! Ukishashuka Finestre kuna barabara ya kupanda taratibu mpaka Sestriere, na kwenye mwinuko mdogo kama ule upepo ndo adui. We wa Mikindani unajua, ukitoka hapo kwenda Mtwara mjini mwezi wa sita kusi linakupiga usoni, aliye mbele anakufa na aliyejibanza nyuma anapiga stori. Sasa Del Toro anataka Carapaz avute, Carapaz anaona mwenye jezi ndo mwenye kazi, kila mmoja anaogopa kumbeba mwenzake mpaka karibu na mstari halafu apitwe, basi wakategeana, na Yates anaongeza gepu tu.

Msimamo wangu ni huu, Del Toro alitakiwa avute mwenyewe, hata kama Carapaz kamganda mgongoni njia nzima. Ili Carapaz amzidi alihitaji zile sekunde 43, na kwa mwinuko ule sekunde 43 unazitolea wapi? Ila lawama kubwa nawapa waliokuwa kwenye gari la timu. Waendeshaji wana redio masikioni, huyu alikuwa kijana wa miaka 21, Mmexico wa kwanza kuvaa pinki ya Giro, mapigo ya moyo yako juu huko, kazi ya kupiga hesabu kwa akili iliyotulia ni ya watu wazima kwenye gari. Na Carapaz naye hakuambulia kitu, aliamka wa pili akalala wa tatu. Yates aliwaacha wote wawili kwa zaidi ya dakika 5 siku ile, na kesho yake Roma akawa bingwa, dakika 3 na sekunde 56 mbele ya Del Toro.

Waliotegeana wamekosa. Kuuza ni kitu kingine kabisa na tusimpakaze kijana wa watu.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa Newala, haya mambo nayasikia kwa kijana wangu anayebeba maji kwa baiskeli, madumu manne, tangu aone huo mlima hana habari nyingine hapa nyumbani. Ananiambia kuna jamaa alikuwa mbele kabisa halafu akasimama kumngoja huyo Yates. Kwenye mashindano mtu anaruhusiwa kumngoja mwenzake? Naona kama yule mtoto hakutendewa haki. – Mama wa madumu, Newala

JIBU: Shikamoo mama. Inaruhusiwa, na ndiyo kazi iliyompeleka. Huyo ni Wout van Aert, Mbelgiji, alikuwa timu moja na Yates, Visma. Alitoka mapema na kundi la mbele, akapanda Finestre akiwa bado yuko huko mbele, ili Yates akivuka mlima amkute. Hakusimama mama, alipunguza mwendo mpaka Yates akamfikia, halafu akainamisha kichwa akavuta kwa nguvu zote, na Yates kakingwa upepo nyuma yake. Ushindi wa siku ile wala haukwenda kwao, aliuchukua Chris Harper wa Australia.

Mimi naona haki ilitendeka, maana UAE nao wangeweza kutanguliza mtu wao akamngoje Del Toro bondeni. Hawakuwa naye alipohitajika. Halafu mama, siku Del Toro anaipata ile pinki, hatua ya 9 pale Siena, aliyemshinda kwenye mstari alikuwa huyuhuyu Van Aert.

Mwambie kijana wangu kwamba kwenye changarawe wale jamaa wanajitahidi wasinyanyuke kwenye kiti, maana ukinyanyuka tairi la nyuma linakosa uzito linateleza. Yeye mwenyewe analijua hilo kwa miguu yake. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, uzito unaomzidi Yates mwenyewe, kwa hiyo akiongelea mlima msikilize.

SWALI: Bro mbona Yates kalia vile baada ya mbio? Mtu mzima, ushindi unao, unalia nini sasa? – Bodaboda, Lindi mjini

JIBU: Analia kwa sababu ya mlima uleule. Mwaka 2018 Yates alikaa na pinki siku 13, kashinda hatua tatu, watu wameshaanza kumpa kombe, ikafika hatua ya 19 kwenye Finestre hiihii miguu ikagoma. Chris Froome akachomoka humo zikiwa zimebaki kilomita 80, peke yake mpaka mwisho, akachukua Giro. Yates siku ile alipoteza karibu dakika 39. Mwaka huohuo alijikaza akashinda Vuelta ya Hispania, lakini Giro ilimkaa kooni miaka saba, halafu anakuja kuipata kwenye mlima uleule uliomshinda, na siku imebaki moja tu. Mi nililia naye, na wewe ukiangalia picha za 2018 kwanza halafu hizi sidhani kama utauliza tena.

SWALI: Mi mwanafunzi wa Masasi, naomba kuuliza, sisi Waafrika tupo kwenye haya mambo au ni wa kuangalia tu? – F4, Masasi

JIBU: Tupo mdogo wangu. Mtafute Biniam Girmay wa Eritrea. Mwaka 2022 alishinda hatua ya 10 ya Giro pale Jesi, na kwenye Tour de France ya 2024 kachukua hatua tatu na jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, Septemba 21 mpaka 28, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio ndefu za barabarani za wanaume zilikuwa siku ya mwisho, Jumapili. Kutoka Dar mabasi ya Kigali yapo, unavukia Rusumo, kwa hiyo ukitaka kwenda kuziona barabara zile ongea na wazazi kwanza, na baiskeli yako iache nyumbani maana kule vilima haviishi.