Kinanda cha Makindu

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikimsomea mama yako. Unauliza kama ni vibaya, wewe Mwislamu, kupiga ngoma za tabla katika kundi la wenzako hapo Birmingham wanaoimba kirtani, yaani nyimbo za ibada za Masingasinga, pamoja na kawali, nyimbo za Masufi. Halali na haramu muulize maalim wako. Mimi nilikuwa dereva wa lori, nami nitakwambia habari ya Makindu, ule mji wa njia ya Mombasa na Nairobi.

Uliisikia ukiwa mdogo, lakini hukuisikia yote. Ekseli ilikatika usiku, lori limejaa saruji. Mimi na utingo tukalala kwenye hekalu la Masingasinga, lile lililojengwa 1926 na watu wa reli. Hatukuulizwa dini wala pesa. Tukapewa chapati, dengu na chai ya maziwa. Alfajiri nimeshaswali, nikasikia kinanda cha mvukuto, kilekile cha taarabu zetu za zamani, na tabla. Nikavua viatu nikaingia. Utingo alipewa kitambaa cha kichwa. Mimi kofia yangu ya vito ilitosha. Nikakinga viganja, nikatiliwa haluwa yao ya unga wa ngano, ya moto, samli ikanichuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono.

Mzee mmoja akaniinamia sikioni: "Hayo yanayoimbwa ni ya Sheikh Farid. Ni Mwislamu mwenzako."

Nilidhani ananifurahisha tu. Kumbe kweli. Baba Farid, Sufi wa tarika ya Chishtiya aliyezikwa Pakpattan, huko Pakistani ya leo, mashairi yake zaidi ya 100 yamo katika kitabu chao kitukufu. Na Guru Nanak, mwasisi wa dini yao, aliyezaliwa 1469, karibu miaka 200 baada ya Farid kufariki, alizijibu baadhi ya beti zile, na majibu yake yamewekwa palepale kando ya beti za sheikh. Wewe umelelewa na takhmisa, unajua maana yake mtu kutia mishororo yake juu ya beti za marehemu. Huwezi kufanya hivyo kama hukumsoma mwenzio mpaka ukamwelewa. Adabu kwanza, sauti baadaye. Umenisikia nikisema hivyo tangu unajifunza dufu.

Nikarudi Mombasa na furaha yangu. Jioni tunajiandaa kwa maulidi, nikawasimulia wenzangu. Kiongozi wetu wa matari akanipokonya dufu mkononi, mbele ya watoto, akasema mtu aliyekula vya hekaluni hatamsifu Mtume pamoja naye. Sikumjibu. Nilitoka nje nikasimama barazani, kasida ikaanza bila mimi. Mama yako anasema niyasahau. Sijaweza.

Ningemjibu habari za Mardana. Huyo alikuwa Mwislamu, mpiga rababu, ala ya nyuzi, aliyefuatana na Nanak safari kwa safari: mmoja akiimba, mwenzake akipiga. Na waimbaji Waislamu waliendelea kuimba kirtani katika Hekalu la Dhahabu la Amritsar mpaka 1947, jimbo lao la Punjab lilipokatwa vipande viwili kati ya India na Pakistani na wao wakajikuta upande wa Pakistani. Lakini nikijisaili, yule kiongozi naye alikuwa na lake. Alichoogopa ni ibada kugeuzwa burudani. Masingasinga wenyewe katika ibada hawaimbi kila wapendacho. Ni maneno ya kitabu chao na ya wachache waliokubaliwa. Kirtani mtu huketi akaisikiliza kwa utulivu. Kawali ina makofi, ina mstari unaorudiwa mpaka watu wapandwe na jazba. Ukizikoroga kama chai na maziwa ili jukwaa lichangamke, hapo nitakuwa upande wake, ingawa alinidhalilisha.

Ila Nanak na Mardana hawakukoroga kitu. Walitembea pamoja, kila mmoja na chake mkononi.

Kwa hiyo niambie kwanza: mnaimba beti zipi za Farid? Huyo rafiki yako wa Kisingasinga anayekualika, amekufasiria neno kwa neno, au unafuata mapigo tu? Adabu kwanza. Mama yako anataka niseme nenda au usiende, na jibu linaniwasha ulimini, lakini sitalisema kabla hujaniandikia. Nitumie na sauti mliyorekodi. Dufu langu nimelianika juani leo asubuhi, ngozi ilikuwa imelegea.

Baba yako