Kilo nne, mafua kidogo, na timu inaondoka Ijumaa

SWALI: Assalaamu alaykum daktari, na shikamoo. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, niko Wete, huu mwaka wa sita. Nimealikwa kujitolea na timu ya madaktari wa nje inayokwenda Ngazija, Komoro, kwa siku tano kuwapasua watoto wenye mdomo sungura na mpasuko wa kaakaa. Wameniambia nitasaidia pia upande wa usingizi, na nitafsiri. Kanuni ya kumi tatu, ya kujua kama mtoto yuko tayari kushonwa mdomo, naijua: awe na wiki 10, uzito wa paundi 10 (kama kilo nne na nusu), na kiwango cha damu 10. Lakini akiletwa mtoto wa miezi minne, kilo nne, ana mafua kidogo, mama yake amevuka bahari kutoka kisiwa cha Mwali, na sisi Ijumaa tunaondoka, si bora tumfanyie tu? Nafasi ile haitarudi.

JIBU: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Hapana. Msimfanyie.

Ningeweza kuishia hapo, lakini hayo maneno yako ya mwisho, "nafasi ile haitarudi", nimeyasikia kila kambi niliyokwenda, na mara nyingi yanasemwa na watu wema kama wewe. Ndiyo yanayonikera kuliko yote. Mdomo sungura si ngiri iliyojibana wala si kifafa cha mimba. Hauozi. Unashonwa mtoto akiwa na miezi mitatu, unashonwa akiwa na miaka mitatu, na nimewalaza usingizi watu wazima wenye ndevu waliokuja kushonwa wao. Kaakaa lina haraka kidogo kwa sababu ya usemi, tunapenda liwe limefungwa kabla ya mwaka na nusu, lakini hata hilo hupimwa kwa miezi. Halipimwi kwa tiketi ya ndege ya daktari.

Sasa mtazame huyo mtoto wako. Umesema kilo nne ukaipima na kanuni, ukaona amepungukiwa nusu kilo tu na kitu. Mimi naona jambo jingine. Mtoto wa miezi minne kwa kawaida ana kilo sita mpaka saba. Huyu ana njaa. Kaakaa lililo wazi halivuti ziwa, maziwa yanatokea puani, anachoka kabla hajashiba, na mama anaambiwa na majirani kwamba maziwa yake mepesi. Anachohitaji wiki hiyo ni maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa, kikombe kidogo au kijiko, akalishwe wima, apewe kidogo kidogo na acheulishwe mara nyingi. Nusu saa ya kumfundisha mama, akiwa anafanya mwenyewe mbele yako, inamfaa kuliko kisu. Na wewe muuguzi ndiye wa kuifanya kazi hiyo. Hakuna bingwa kutoka nje atakayeifanya vizuri kukushinda.

Halafu damu. Mtoto ana kama mililita 80 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu damu yake yote ni mililita 320. Chupa ya soda. Kila kitambaa kinacholoa pale mezani kinapunguza chupa hiyo.

Na mafua. "Mafua kidogo" ni maneno ya mtu ambaye hajasimama upande wa kichwa cha mgonjwa, anaposimama mtu wa usingizi. Njia ya hewa iliyovimba kwa mafua ni kama mlango wenye bawabu mwenye hasira: ukiigusa kwa mpira wa hewa au kwa tone la mate, koo linajibana na hewa haiingii. Mtoto mchanga hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima kwa kila kilo, na akiba yake ni ndogo, kwa hiyo kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinashuka huku bado unanyoosha mkono kuchukua dawa. Miaka mingi nyuma, katika kambi moja, nilikubali kumlaza mtoto mwenye kamasi kwa sababu bibi yake alikuwa analia na kiongozi wa timu alikuwa anaangalia saa. Koo lilijibana. Alibadilika rangi mikononi mwangu. Alirudi, Alhamdulillahi, lakini zile dakika sijazisahau, na tangu siku ile sijajadiliana tena na mtu kuhusu mafua. Kamasi zito, homa, kifua kinachokoroma: asubiri wiki mbili kwa uchache, na nne ni bora.

Nije kwenye hilo walilokuambia, kwamba utasaidia "upande wa usingizi". Umesomea usingizi? Kama hukusomea, jibu lako kwao ni hapana, hata wakikwambia utashika mpira tu. Hapa ndipo nashindwa kuvumilia. Kuna watu wanaona kambi ya kujitolea kama mahali pa kujifunzia mikono: lile asiloruhusiwa kulifanya Unguja au Madrid, analifanya kijijini kwa watu, kwa kuwa huko "hawaulizi leseni". Nimekutana na kijana mwenye cheti cha siku mbili anayetaka kumtia mpira wa hewa mtoto mwenye kidevu kilichorudi nyuma, mtoto ambaye hata mimi, kabla ya kumgusa, ningemwita mwenzangu asimame pembeni yangu. Leseni yako haivuki bahari peke yake. Iulize timu kama imepata idhini ya wizara ya afya ya Komoro kwa jina la kila mmoja wenu, na uione karatasi.

La kutafsiri nalo usilikubali kijuujuu. Shingazija, lugha ya huko Ngazija, na Kiswahili ni ndugu, ndiyo maana ni hatari: unaelewa nusu, unadhani umeelewa yote. Salamu na bei ya samaki zitapita. Kumweleza mama kwamba mwanawe anaweza kutoka damu usiku, na kwamba kaakaa linaweza kuachia likahitaji kushonwa tena, kunahitaji mtu wa palepale. Ridhaa aliyoitoa mama kwa lugha ya kubahatisha si ridhaa.

Kazi yako halisi ni kubwa kuliko hizo zote mbili. Katika upasuaji wa kaakaa huwekwa kitambaa kooni kuzuia damu isishuke. Kikisahauliwa, mtoto anatolewa mpira wa hewa na koo linaziba palepale. Kiandike ubaoni kinapoingia, kiite kwa sauti kinapotoka, na mpira usitolewe kabla hujakiona kwa macho yako. Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 wengine huiona karatasi ya kizungu. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na moja ilikuwa hapa kwetu Tanzania, Ifakara. Ukijumlisha hospitali zote nane, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Basi isomeni kwa sauti, kila mtoto, hata wa mwisho siku ya Alhamisi mkiwa mmechoka.

Na isiwepo Ijumaa ya kuondoka wote. Chuma kinachopanua mdomo hukandamiza ulimi, ukaja kuvimba baadaye, na damu ya kaakaa hutoka usiku wakati wapiga picha wameshalala. Kaakaa la mwisho lifanywe mapema, Jumatano, na abaki mtu anayejua njia ya hewa. Sisi tumekuwa upande wa kupokea muda mrefu, tunaijua tofauti. Madaktari wa Kichina wanaotoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar tangu miaka ya 1960, wanakaa, wanakutana na mgonjwa wao sokoni. Timu inayohesabu watoto 60 kwa wiki kisha ikapanda ndege haitamwona hata mmoja mshono ukifumuka. Msiwahesabu hivyo. Wala msimcheke mama aliyekwenda kwanza kwa muuza dawa ya kufunga kaakaa kwa mafuta na hirizi. Yule muuzaji ni tapeli, na mimi namwita hivyo hadharani, lakini alikuwepo kijijini mwezi mzima wakati sisi hatupo.

Huyo mtoto wa Mwali aandikwe kwenye daftari la hospitali ya palepale, si kwenye kompyuta ya timu. Aandikwe uzito, simu ya baba au mjomba, tarehe ya kupimwa tena na jina la muuguzi atakayempima. Asikilizwe moyo pia, maana baadhi ya watoto wenye mpasuko huwa pia na tundu la moyo. Nauli ya kurudi mama ailipe timu. Ni ndogo kuliko gharama ya chakula chenu cha usiku mmoja.

Kabla hujakubali mwaliko, mwandikie kiongozi wao umuulize jambo moja: Jumamosi atabaki nani? Akikujibu kwa jina, niletee jibu lake nami nitakutumia namna tunavyoandika hesabu ya vitambaa ubaoni.